Ndoo Mbili na Swali la Saba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechoka kama mtu aliyepanda ngazi au kama mtu aliyestaafu. Kama aliyestaafu, akasema. Basi. Nina miaka sabini na tisa, na thelathini na minne kati yake nilifundisha sayansi. Nina jambo moja la kuungama kabla ya kufumba macho, na wa kuungamiwa ni mdogo wangu wa kike, mshonaji, ambaye naishi kwake na kula kwake.

Jambo lenyewe. Miaka arobaini na moja iliyopita alifanya mtihani wa cheti cha ualimu wa ushonaji. Sayansi ilikuwa somo la lazima, na msahihishaji nilikuwa mimi. Swali la saba: kwa nini mafuta hupanda kwenye utambi wa taa? Mimi nilikuwa nikifundisha kwamba joto la moto ndilo linaloyavuta. Yeye akaandika kwamba mafuta hupanda yenyewe kupitia vinjia vyembamba kati ya nyuzi, taa iwe imewashwa au imezimwa. Karatasi haikuwa na jina, lakini mwandiko niliujua. Nikakata kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: Hii ni cherehani, si sayansi.

Akaanguka kwa alama mbili. Mwaka uliofuata chuo kikafuta kozi ile.

Wiki moja baada ya mtihani nilichovya utambi mkavu ndani ya glasi ya maji. Hapakuwa na moto. Maji yakapanda. Nikayatazama mpaka yakafika juu. Kisha nikaosha glasi.

Nitamwambia kesho.

Jumanne, tarehe 4

Sikumwambia. Alikuwa anakata kola kumi na mbili. Hachori mstari. Mkasi unakwenda wenyewe, kama mtu anayerudi nyumbani. Kola zote zikalingana. Mtu haungami mbele ya mkasi kama ule.

Badala yake nimepata mpango. Ana spinachi kwenye roshani, na bomba liko chini uani. Asubuhi na jioni anapandisha maji kwa debe, mkono mmoja kiunoni. Nitamtengenezea chombo kinachojimwagilia chenyewe! Ndoo mbili za rangi, moja ndani ya nyingine. Ya chini ina maji, ya juu ina udongo. Utambi unapita kwenye tundu na kunyonya maji kutoka chini kwenda juu. Mtu anajaza mara moja kwa wiki, basi. Atastaajabu. Akiwa katikati ya kustaajabu nitapenyeza ungamo langu, kama kidonge cha mtoto ndani ya uji.

Jumatano, tarehe 5

Fundi bomba anayekaa ghorofa ya chini amenitobolea ndoo kwa msumari wa moto. Fundi mzuri, ila anaongea sana. Alishauri ndoo ya chini iwekewe tundu ubavuni, maji yakizidi yatokee hapo. Nikamweleza kwamba kwa hesabu zangu maji hayawezi kuzidi. Akasema sawa mwalimu, akalitoboa hata hivyo. Alipouliza utambi uko wapi nikamwambia hilo aniachie mimi.

Utambi ni tai yangu ya kustaafu. Ya mistari, inang'aa, nilipewa na shule mbele ya wazazi wote. Nimeikata vipande viwili. Niliona toba yangu imeshaanza.

Alhamisi, tarehe 6

Uzinduzi. Muuguzi anayekuja kunipima alikuwepo, akasema hajawahi kuona kitu cha namna hiyo. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Akadhani ni ngazi. Ilikuwa sifa.

Nimehamisha miche sita ya spinachi, ile minene kabisa. Mdogo wangu alisimama mlangoni, sindano mbili mdomoni. Akauliza swali moja tu: utambi ni wa kitambaa gani? Nikajibu, wa heshima. Akarudi kwenye cherehani yake.

Nimepiga marufuku mtu yeyote kumwagilia kwa juu.

Jumapili, tarehe 9

Miche imelala. Yote sita, kama wanafunzi baada ya chakula cha mchana.

Nimepima maji ya chini kwa kijiti. Hayajapungua hata unene wa ukucha. Nikamshuku fundi bomba, kisha udongo, kisha jua. Nikaamua maji ni machache na kuongeza debe zima. Yakatoka kwa tundu la ubavuni, yakamshukia fundi bomba aliyekuwa uani anakunywa chai. Akanikumbusha kutoka huko chini kuhusu hesabu zangu. Nilikuwa nimejilaza sakafuni ili asinione, na kuinuka kulinichukua nusu saa.

Jumatatu, tarehe 10

Nitaandika polepole, maana leo mambo yametokea.

Mdogo wangu alikuja roshani, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye udongo na kuvuta tai yangu. Akaisugua kati ya vidole viwili. Mara moja tu. Mimi ningehitaji maabara.

"Kaka," akasema, "hiki hakinywi maji. Hiki ni cha kupigia picha."

Akaleta shuka kuukuu la pamba. Akalichana kwa urefu, akachemsha vipande kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya mikono, akavisuuza, akavisokota, akavilowesha kwanza. Nikauliza kwa nini aviloweshe wakati vinakwenda majini. Akasema kitambaa kikavu kina aibu, lazima kitangulizwe. Akavipanga kwenye udongo vikitawanyika kama vidole, ncha zikaning'inia majini. Hakupima chochote. Baada ya muda udongo ukaanza kuwa mweusi kuanzia chini, kidogo kidogo, mpaka kwenye mizizi. Sijawahi kuona kazi nzuri kuliko hiyo, na nimekagua maabara nyingi.

Hapo nikasema. Sikutumia uji wala nini. Nikasema swali la saba, wino mwekundu, glasi ya maji, yote.

Alikuwa bado amepiga magoti. Akauliza kama sentensi ya pili niliisoma.

Sentensi ipi?

"Ya jibu langu. Niliandika, si kila kitambaa hupandisha. Pamba ndiyo, nailoni hapana."

Nikakiri kwamba sikufika huko. Nilikuwa nimeshakata.

Akajipangusa mikono kwa muda mrefu. "Kwamba jibu langu ni sahihi nilijua siku ile ile, kaka. Nilichokuwa sikijui ni kama na wewe ulijua."

Akaingia ndani. Cherehani haikusikika mpaka jioni.

Alhamisi, tarehe 13

Siku tatu bila salamu. Chakula kinakuja, kimefunikwa vizuri, moto. Ni kunyamaziwa na mtu aliyelelewa vizuri.

Miche minne imesimama. Miwili imekufa, ni mizigo yangu.

Leo mchana akaketi kando ya kitanda akiwa na shati la mtu. Akasema amewafundisha wasichana kumi na tisa kwenye chumba kile cha cherehani, bila cheti, na wote wanajilisha. Hakusema kwa kujigamba. Ni kama alikuwa anahesabu vifungo. Mimi nimefundisha maelfu kwamba moto huvuta mafuta.

Kisha akasema, "Kusamehe nimekusamehe. Lakini usiishie kuniambia mimi, mimi nilikuwepo. Siku mtu mwingine akiuliza, useme."

Nikaapa. Nililia kidogo. Akanipa kile kipande cha tai nipangusie macho. Hakikufaa kitu.

Jumatano, tarehe 19

Spinachi zinapita ukingo wa ndoo. Fundi bomba amepanda ngazi kuja kuzitazama, akavua kofia. Nimelala usingizi wa mtu safi.

Alhamisi, tarehe 20

Muuguzi alizunguka ndoo mara mbili. Akasema wagonjwa wake wengi hawana nguvu ya kubeba maji. Akatoa karatasi, akaomba nimwelekeze hatua kwa hatua. Nikamwelekeza: pamba, sabuni, kusokota, kulowesha kwanza. Sauti yangu ilikuwa na nguvu kuliko kawaida. Akauliza ni nani aliyebuni.

Mdogo wangu alikuwa sokoni, anatafuta uzi.

Nikafungua mdomo kusema ukweli. Kalamu ya muuguzi ilikuwa imeshaandika: Ubunifu wa Mwalimu. Nikamwomba aongeze: Mstaafu.

Karatasi itabandikwa zahanati, dirisha la dawa. Mdogo wangu huenda pale kila Ijumaa kuchukua vidonge vyangu. Kesho ni Ijumaa.

Nimefikiri sana, na suluhisho ni rahisi. Nisiye na ugonjwa sihitaji vidonge. Nimemwandikia daktari barua ya ukurasa mmoja kumjulisha kwamba nimepona kabisa. Mwandiko umetulia, ataamini. Kulikuwa na tatizo moja tu, la nani ataifikisha zahanati. Mdogo wangu amekubali kuipeleka kesho asubuhi.