Madereva Wako na Kisingizio cha Breki

Kwako Shemeji,
Mkurugenzi wa Wakala wa Madereva wa Muda.

KUH: MADEREVA WAKO KUYAKATAA MALORI YETU KWA KISINGIZIO CHA BREKI

Natumaini barua hii itakukuta ofisini, umekaa vizuri, na chai yako bado ina moto. Sisi huku hatujambo kabisa, isipokuwa mimi. Mdogo wako, mke wangu, aliniomba nisikuandikie nikiwa na hasira, kwa hiyo nimesubiri hasira ishuke, na iliposhuka nimeona bado nina la kusema. Nakuandikia kirasmi, kwenye karatasi yenye muhuri wa kampuni, kwa sababu nilipokupigia simu kindugu ulinijibu, "Shemeji, nakupenda, lakini watu wangu siwatumi kwenda kufa," kisha ukaniuliza habari za watoto. Watoto hawajambo. Tuendelee na habari za madereva.

Kama ujuavyo, mimi ndiye meneja wa yadi hapa, na usalama pia uko chini yangu, tangu aliyekuwa akiushughulikia alipoacha kazi bila kuaga. Tunachukua saruji kiwandani na kuipeleka kwenye maduka ya sokoni, chini ya ule mteremko mrefu. Mteja wetu mkubwa ametuonya kwamba mzigo usipofika wiki hii atatafuta wengine, na bosi ameniambia mteja akiondoka, na mimi nimfuate. Ndiyo maana tukaomba madereva kwako. Umetuletea watu nadhifu, wanaofika mapema na kumsalimu hata mlinzi. Wana kasoro moja tu: hawaendeshi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Madereva wako hulizunguka gari kabla ya kupanda. Hapa kwetu dereva akipewa ufunguo hupanda, humwomba Mungu kwa kifupi, akawasha. Hawa wako huzunguka polepole, mikono nyuma, kama watu waliokuja kutazama kiwanja cha kununua. Wanagonga, wanainama, wananusa. Kiongozi wao ni yule mwanamama tuliyembandika jina la Mama Tochi, maana anatembea na tochi mchana kweupe. Siku ya kwanza alitandika boksi chini, akalala chali, akaingia mvunguni mwa lori letu kongwe. Lori hilo tunaliita Bi Mkubwa, kwa sababu ya umri, na kwa sababu haamrishwi, huombwa. Mama Tochi alikaa humo mpaka saa ya chai ikapita. Mimi nimesimama, naona miguu yake tu, namsikia akiguna, ananyamaza, anaguna tena. Shemeji, mgeni akifika kwako hafunui masufuria jikoni. Nilijisikia vibaya, utafikiri mvungu ule ni wangu.

2. Breki. Nakanusha kwa nguvu zangu zote uvumi kwamba Bi Mkubwa hana breki. Anazo. Ila anataka kuarifiwa mapema. Madereva wetu wa zamani walilijua hilo: ukitaka kusimama kwenye makutano ya sokoni, unaanza kukanyaga ukiwa bado kwenye kituo cha mafuta, unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, huku unamsemesha maneno mazuri. Huko ndiko kuelewana kwa dereva na chombo chake. Mama Tochi alikanyaga mara moja tu, tena gari likiwa limesimama, akanitazama. "Kaka, hii pedali imeshuka, haijapanda." Nikamwambia itapanda, aipe muda. Akashuka, akanirudishia ufunguo kwa adabu zote, akasema, "Sawa. Ikipanda, mnipigie." Hakubisha, hakutukana. Angetukana ningejua pa kuanzia.

3. Matairi. Hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa kuwa ndipo nilipodhalilishwa. Kampuni yetu ina seti moja ya matairi mazuri sana. Yamewekwa stoo, yamefunikwa turubai, na fundi huyapangusa vumbi. Siku ya ukaguzi inapowadia tunayafunga kwenye lori linalokwenda kukaguliwa. Likishapita, linarudi, tunayafungua, tunayafunga kwenye lori linalofuata. Kwa njia hiyo malori yetu yote yana vyeti safi. Ni utaratibu niliourithi, na nimeuboresha, maana zamani matairi yale yalikuwa yakiachwa nje juani. Sasa Mama Tochi akaingia stoo, sijui nani alimfungulia, akauliza kwa nini matairi yenye meno yako ndani na vipara viko barabarani. Nikamwelewesha, kwa upole wangu unaoujua, kwamba tukiyatembeza barabarani yatakwisha, na yakishakwisha tutakaguliwa na nini? Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akatafuta debe la kukalia. Wenzake wakaja kuuliza kulikoni, akawaeleza, nao wakatafuta pa kukaa. Shemeji, mimi ni mtu mzima mwenye muhuri.

4. Maradhi haya yanaambukiza. Mama Tochi alipokataa nilisema moyoni, ni mmoja huyu. Siku iliyofuata akakataa yule kijana mpole mwenye miwani. Wa tatu hata yadini hakuingia. Aliuliza pale getini, "Mama Tochi kasemaje?" akaambiwa, akageuka na begi lake. Hao nikawavumilia kwa kuwa ni wageni, lakini sasa mambo yamefika kwa watu wetu wa ndani. Fundi wetu, tunayemwita Fundi Waya kwa sababu hakuna kitu ambacho hajawahi kukifunga kwa waya, amesikika akisema kwamba hata yeye, angekuwa dereva, asingepanda. Na kazi yote ile ni ya mikono yake. Mlinzi amekiondoa kiti chake mbele ya Bi Mkubwa, amekipeleka ubavuni. Mama wa chai naye kahamisha meza, vikombe na wateja. Siku hizi Bi Mkubwa kasimama peke yake katikati ya yadi, jiwe mbele, jiwe nyuma, na watu wanapita mbali naye. Inasikitisha kumtazama.

5. Ujuzi. Naomba hapa tufikiri kwa utulivu. Gari zima anaweza kulisimamisha mtu yeyote, hata mimi. Tunaposema tunataka dereva hodari, huo uhodari ni wa nini kama gari litasimama lenyewe kwa kukanyagwa tu? Tukitengeneza breki, tukabadilisha matairi, tukaweka na taa za nyuma, dereva atabaki na kazi gani? Atakaa, atazungusha usukani, atafika. Tutakuwa tumemdharau mbele ya mkewe na wanawe. Kwa hiyo kila kifaa tunachoacha kutengeneza ni heshima tunayompa dereva, na kadiri gari linavyozidi kuchakaa, ndivyo naye anavyozidi kupanda cheo. Bi Mkubwa anastahili dereva wa cheo cha juu kabisa. Badala ya kushukuru, watu wako wanakataa vyeo. Nilimweleza haya kijana wa miwani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi, mzee, nataka tu jioni nifike nyumbani." Sasa nani hataki jioni afike nyumbani?

6. Wanamtajataja mwenzetu aliyeumia, jambo ambalo naona si la kiungwana. Kwanza ile haikuwa ajali. Dereva wetu wa kudumu, Kepteni, akiteremka na saruji, hakuelewana na Bi Mkubwa kwa muda mfupi. Chini kulikuwa na watu wengi sokoni, kwa hiyo akakata kona akaegesha ndani ya karakana ya seremala. Karakana haikuwa na mtu saa hiyo. Vilivunjika vitanda, na mguu wa Kepteni. Nilikwenda kumwona hospitalini, nimebeba machungwa na salamu za bosi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Bi Mkubwa mmeshamtengeneza?" Nikamwambia tumempaka rangi mpya, ya bluu, na imemkaa vizuri. Akageukia ukutani. Nikafikiri ni uchovu. Nilikaa pale na machungwa yangu mapajani kwa muda, shemeji, na sikufichi, nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Lakini hayo ni mambo ya moyoni, na hapa tunazungumza mambo ya kazi.

Kwa hayo yote, naleta kwako ombi la madereva wa aina nyingine. Wasiwe na tochi. Wawe na maungo mazito kidogo, wasiopenda kuinama. Wawe watu wa kuamini wanachoambiwa na wenyeji wao. Ukimpata asiyesikia vizuri tutashukuru zaidi, maana Bi Mkubwa ana milio inayowatia watu wasiwasi bure. Wenye watoto wadogo tupunguzie, kwa sababu nimegundua hao ndio wenye maswali. Huyu Mama Tochi mpangie kampuni nyingine, yenye magari yanayopenda kutazamwa. Na kama itakupendeza, kabla ya kuwaleta wafanyie semina fupi juu ya umuhimu wa kutii. Nipo tayari kuja kuiendesha mwenyewe, na soda nitaleta.

Nisikuchoshe. Msalimie mumeo, mwanyumba wangu, mwambie ngazi yake nimeiona na nitairudisha. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na kitindamimba mpe salamu mara mbili, asije akanuna. Mama akija kwako mwambie mkwewe anamkumbuka, na asiache kumeza dawa zake za presha kwa sababu ya maneno ya majirani. Nisalimie madereva wote, pamoja na walionicheka. Sina kinyongo, nina mzigo tu unaotakiwa kufika.

Ni mimi, kwa heshima ya kazi na ya ukwe,

Shemeji yako,
Meneja wa Yadi na Usalama.
(Muhuri umepigwa mara mbili, wa kwanza haukutoka vizuri.)

Nakala: Bosi.

Nyongeza:

Shemeji, naandika haya jioni, mambo yamebadilika. Kabla ya kufunga bahasha nilimpelekea bosi nakala yake, aone jinsi ninavyompigania. Ameisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Akanipiga begani. Akasema hajawahi kuona mtu akilieleza lori lile vizuri namna hii, na kama ni zima kiasi hicho, tunamngoja nani? Kisha akaniuliza kama leseni yangu ya malori bado iko hai. Mdomo ukanitangulia, nikasema iko hai. Kesho asubuhi napeleka saruji sokoni mimi.

Nilipotoka ofisini kwake nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mkubwa, nikapiga magoti, nikamulika chini kwa simu. Palipofungwa waya kwenye breki, chini yake kuna waya mwingine, na huo wa chini umekatika. Nikamuuliza Fundi Waya ule wa chini ulikuwa umeshika nini. Akajikuna kichwa, akasema, "Bosi wangu, mimi niliukuta." Nimetoka hapo nimetembea mteremko wote kwa miguu mpaka sokoni. Miaka yote hii nimetuma mizigo kule, na sikuwahi kuona wingi wa watu wanaokaa pale makutanoni, wengine wamewapa mgongo magari kabisa, wanachambua nyanya.

Kila nilichoandika hapo juu kifute, kuanzia namba moja. Nilirudi kwa bosi kumwambia siwezi, nikafika mlangoni, nikamuuliza kama anahitaji chai. Madereva wako wakisema hapana, uko wewe nyuma yao, na kesho unawapangia kampuni nyingine. Mimi nimeajiriwa hapa moja kwa moja, sina mtu wa kusimama nyuma yangu. Mdogo wako bado sijamwambia. Ananipigia pasi shati la kesho, anafikiri nina mkutano.

Kwa hiyo naomba uniandikishe kwenye wakala wako leo hii, bahasha hii ikikufikia tu kwa bodaboda, hata kama ni jina la mwisho kabisa, ili kesho asubuhi nami nikatae kama madereva wenzangu. Naogopa, shemeji. Picha ya leseni nimeambatanisha.