Mama Mkwe Alipokuja Kumlinda Mjukuu

Wenzangu, leo sina pa kuuweka uso wangu. Barua hii naiandika nikiwa nimesimama, maana kukaa nimeanza kuogopa. Isomeni kimoyomoyo. Msimsomee mtu kwa sauti.

Nianze taratibu, kama tulivyofundishwa chuoni.

Hapa kijijini kwetu, upande wa Sepuka, tupo walimu wanne. Mmoja ni Mwalimu Gabrieli. Mtihani wa darasa la saba ukikaribia, hufundisha masomo ya ziada chumbani kwake jioni. Mwanafunzi mmoja mmoja. Wasichana tu (wavulana, anasema, "watajikaza wenyewe"). Na mlango anaufunga. Ukimwuliza sababu, anasema vumbi. Upepo wa Singida naujua, sikatai. Lakini vumbi gani hilo linalochagua wasichana?

Mwezi uliopita msichana mmoja akakataa kwenda tena. Mama yake alipomwuliza, akalia tu. Mama akanijia mimi kwa kunong'ona, kwa sababu mwalimu huku ni mtu mkubwa, na nani atamshitaki mtu mkubwa kwa machozi ya mtoto?

Basi kwenye mkutano wa kijiji nikasimama. Nikapendekeza: anayemfundisha mtoto nje ya saa za shule amfundishe mlango ukiwa wazi, na mtu mzima wa nyumbani kwa mtoto akae humo humo mpaka somo liishe. Nikaeleza kwa mifano (mnanijua). "Ndugu zangu, hata ndama hatumpi mtu akamfungie ndani tusimwone. Mtoto je?"

Wakapiga makofi. Nikavimba kichwa.

Gabrieli akainuka. "Ndugu Mwenyekiti, huku ni kutuvunjia heshima walimu. Mwalimu Yohana aanze yeye, tuone kama kunafundishika."

"Vema," akasema Mwenyekiti. "Jumamosi kamati itakwenda kwake. Ikifaa, tunaipitisha. Isipofaa, tunaiacha."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: somo langu likiharibika, ule mlango wa Gabrieli unafungwa tena, na msichana mwingine ndani yake.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe.

Mwanafunzi wangu ni Esteri, hodari kabisa, ila hesabu za sehemu zinamtesa kidogo. Anaishi kwa babu na bibi yake, na tulipatana babu ndiye aje kukaa. Saa tatu asubuhi nikasikia hodi. Esteri akaingia. Nyuma yake akaingia mwanamke aliyejifunika kanga mpaka kwenye nyusi.

Bibi yake. Mama Ana.

Mama wa Ana wangu! Mama mkwe! Ng'ombe nimekwisha peleka, harusi ni baada ya mavuno!

Niwaeleze kidogo wenzetu wa Tanga. Huku mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Juzi juzi nilimwona anatoka kisimani, nikajitupa kwenye michongoma. Miiba bado naitoa. Kukaa naye chumba kimoja ni jambo zito. Na kumgusa? Adhabu yake hata sijawahi kuisikia, maana sijasikia aliyethubutu.

"Esteri," nikanong'ona, "babu yuko wapi?"

"Ameitwa shamba la kijiji."

"Mjomba?"

"Naye pia."

"Hata jirani?"

"Bibi anasema sheria yako inataka mtu wa nyumbani. Anasema mtu wa nyumbani ndiye yeye."

Ningeweza kuwarudisha. Lakini kamati ilikuwa njiani na Gabrieli yumo. Nilimsikia kichwani mwangu kabla hajafika, akisema: "Sheria yake imemshinda mwenyewe!"

"Shikamoo, mama," nikauambia ukuta wa kulia.

"Marahaba," ukajibu ukuta wa kushoto.

Mama akakaa pembeni kwenye kigoda, uso ukutani. Mimi nikaukabili ubao wangu (mbao mbili nilizozipaka unga wa betri), mgongo kwao wote. Katikati yetu Esteri, amejiziba mdomo kwa daftari.

"Gunia la mtama," nikaanza, "tumekula robo tatu. Kimebaki nini?"

"Mwalimu, unamwuliza nani?"

"Wewe."

"Mbona unaangalia dirisha?"

"Jibu, mwanangu, jibu."

Akaja ubaoni kuandika. Nikarudi nyuma kinyumenyume kumpisha. Hapo ndipo, kama nilivyoelezwa baadaye, Mama Ana alipokuwa ameshawaza: nimekuja kumlinda mtoto, na mlinzi gani anayelinda ukuta? Akainuka kimya, akahamia mahali anapomwona mjukuu wake vizuri. Akakaa juu ya gunia langu la mtama, nyuma yangu.

Gunia hilo, wenzangu, ndilo kiti changu.

"Hodi!" Sauti ya Mwenyekiti. Watu watano mlangoni, Gabrieli mbele. Nikababaika. Nikataka waone mwalimu mtulivu, asiye na wasiwasi. Na mwalimu mtulivu hufanyaje? Hukaa.

Nikakaa.

Gunia lilikuwa laini kuliko siku zote. Halafu likasema, "Yesu wangu!"

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka ubao ulianguka, na mimi nikatokea dirishani (halina fremu, ashukuriwe fundi mvivu) nikatua katikati ya kuku. Nilipoinua kichwa, kamati nzima ilikuwa inanitazama kupitia dirisha. Wote wameshika vichwa.

Isipokuwa Gabrieli. Huyo alicheka mpaka akashika nguzo. "Ndugu Mwenyekiti, mmeona wenyewe! Sheria gani hii inayovunja mila? Tuiache, walimu tuendelee kama zamani."

Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali. Wa pili naye. Nikataka kusema, lakini kinywani nilikuwa na manyoya, na nani atamsikiliza mtu aliyetoka kumkalia mama mkwe?

"Mwenyekiti." Sauti ilitoka chini ya kanga.

"Naam, mama."

"Huyu amenikalia. Mmemwona wote, na mtamcheka mpaka mvua zije. Hilo limekwisha." Kisha akaifunua kanga, akamkazia Gabrieli macho. "Wanaokwenda kwa huyu nao ni wajukuu zetu. Huko nani ameona nini?"

Gabrieli akaiachia nguzo.

"Huyu si mkwe wangu," akaendelea. "Naweza kumtazama kutwa nzima. Jumatatu jioni nitakwenda kukaa kwake."

"Mama yangu," Gabrieli akajichekesha, "chumba changu ni kidogo sana."

"Mimi sichukui nafasi. Mwulize huyo aliyeko nje."

Hapo kamati ikaanguka kicheko, hata Mwenyekiti. Lakini alipofuta machozi hakucheka tena. Sheria wakaipitisha pale pale, wamesimama. Akamtuma mtu kwa mama wa yule msichana aliyelia, aje na mwanawe wasikilizwe, na akamwambia Gabrieli asitoke kijijini. Kufika adhuhuri Gabrieli alikuwa ametangaza kwamba masomo ya jioni ameyasimamisha, kifua kinambana. (Vumbi, bila shaka.)

Esteri aliniletea daftari dirishani. Robo moja. Amepata. Nilimpa vema.

Jioni hii Ana amenitumia salamu. Mama hana kinyongo, mbuzi mmoja wa kusafisha mila atatosha. Ila anauliza kama mkwe wake huwa anakula, maana kwa jinsi alivyonipima, sifiki hata gunia. Haya, chekeni, lakini harusini mje.