Kiti cha Mjomba

Jumatano, 1 Septemba 2021
Serikali ya hapa imenisikia. Wiki jana nililalamika kwa sauti pale stesheni ya Seven Hills kwamba korona imefungia hata harusi, mzungu mmoja mwenye tai akatikisa kichwa. Leo wametangaza harusi ruksa, wageni watano! Sidai asante.

Waceke, mtoto wa dada yangu, nesi kule Westmead, anafunga ndoa na Coletha wake Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamuuliza: bi harusi wawili, sisi tunaposa au tunaposwa? Akacheka, ati Anko, tunaoana tu. Jibu la kukwepa hilo!

Mama yake hapokei simu zake tangu aambiwe. Damu iliyobaki ni mimi. Mbona hajanitajia kiti?

Ijumaa, 3 Septemba
Nimepiga simu kama najulia hali. Nyuma nikamsikia Candide. Huyu dada Mrundi ndiye mkuu wa kikundi chao cha Jumamosi: Waafrika watupu, wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume. Ndio waliowapokea hawa wawili mwaka juzi walipohamia kutoka Perth bila hata sufuria. Wanajiita familia. Familia gani haina mjomba?

Candide akasema, "Na kiti cha mzee." Mzee yupi? Tuko wawili! Mwingine ni Gregori wa Doonside, baba mdogo wa Coletha. Anajisifu alimwoza binti wa waziri. Mimi nimewaoza mabinti wa mawaziri watatu.

Jumatatu, 6 Septemba
Nimemfuma! Gregori, duka la dawa la hapa kwetu, barakoa hadi machoni. Kwani Doonside hakuna duka la dawa? Nikajibanza nyuma ya rafu kumpeleleza. Akaniona. Ati mkwe, unatafuta nini kwenye nepi? Nikamwambia mambo ya kiofisi. Akaficha mfuko wake. Nami nikaficha wangu.

Jumatano, 8 Septemba
Ujumbe kwenye simu: duka lile lilipitiwa na mgonjwa wa korona. Siku kumi na nne ndani! Nani kanichongea?

Nikampigia Waceke. Akasema viti vya wazee vilikuwa viwili, changu alikiweka kabla ya vyote. "Nilitaka tu mtu mmoja wa kwetu, Anko."

Nikamwambia betri inaisha, nikakata.

Gregori naye kafungiwa. Afadhali.

Jumamosi, 11 Septemba
Harusi kwenye simu. Kiti changu kakikalia Candide. Kwanza alikipangusa, akainamia kamera, akaniomba radhi: pardon, mzee. Mjanja! Kisha akapiga vigelegele vya mama mzazi, Waceke akalia. Mafua yangu yakaanza hapo hapo.

Gregori alikuwa kwenye kioo cha simu pia. Ndevu nyeusi tii! Jumatatu mvi zilikuwa zinachungulia chini ya barakoa. Huyu mtu anaficha kitu.

Jumapili, 12 Septemba
Nimewaza. Kosa ni la Gregori. Mpango mpya: nitamwambia Candide kikundi chao kinahitaji mwenyekiti mwenye uzoefu. Na mtoto akizaliwa, jina natoa mimi. Gregori asitie pua.

Kuhusu lile duka: sikuwa nampeleleza mtu. Nilifuata kanta ya kupaka mvi, nisimwaibishe Waceke kwenye picha. Jana niliipaka hivyo hivyo, ili nikae mbele ya simu. Imeshika hadi masikioni, na haitoki.