Sinema ya Waviking Iliyonifuata Nyumbani

Chacha na Odhiambo, ndugu zangu,

Leo heshima yangu imekwisha. Imekwisha saa tisa na robo mchana, mbele ya watu kumi na wanne, mimi nikiwa na sufuria kichwani. Nawaandikia haraka kabla habari hazijapanda stima kuja huko Kisumu. Msome pamoja, na Odhiambo asiruke mistari. Nimetumia Kiswahili ili Chacha naye acheke bila mkalimani.

Mnanijua. Tangu tumalize shule sijafika mbali kuliko Kendu. Kazini, nyumbani, kitini. Mwaka jana ile sinema ya kuchekesha ya Waviking ilipokuja huko kwenu, mlinialika mara tatu. Waviking, wale majambazi wa baharini tuliosoma kidato cha pili (mimi nilisoma, Chacha alilala). Nikawajibu kwamba sinema ikinitaka itanifuata nyumbani.

Basi imenifuata.

Kumbe duka moja la kamera huko Kisumu limeanza kukodisha sinema za kutazama nyumbani. Mkanda mdogo, mashine ndogo, sauti hakuna, na sinema yenyewe imekatwakatwa hata ile ya saa moja na nusu imebaki kama dakika ishirini. (Hilo la kukatwa limeandikwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Mimi karatasi huwa nazisoma baadaye.)

Mtauliza, mtu mvivu kama mimi alikodi mashine ya nini. Ni kwa ajili ya Akelo, yule mwalimu wa darasa la pili anayekaa kwa mama yake mdogo hapa Homa Bay. Mimi na Akelo tumeshaelewana. Mama yake, aliyeko Uriri, ndiye hajasema kitu. Alichotoa ni swali moja tu, nalo lilinifikia: "Huyo kijana hutoka nje lini?" Ameambiwa kwamba nakaa ndani kama kuku anayeatamia. Leo alikuja kumtembelea dada yake, na kila mtu alijua amekuja kunitazama mimi. Akirudi Uriri ameridhika, wazee wangu watakaribishwa Desemba. Asiporidhika, kuna karani mmoja huko Migori mwenye pikipiki.

Chacha, najua hata kwenu Kehancha wakwe wanaheshimiwa, lakini sisi Wajaluo tumezidisha. Maro, yaani mama mkwe, humgusi. Humpi mkono. Kiti chake hukikalii. Ukimwona njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. (Wiki iliyopita niliingia kwenye mahindi kwa ajili ya mama mmoja asiyenihusu kabisa. Nilikuwa nafanya mazoezi.)

Basi, ikawa leo Jumapili baada ya chakula, maana Jumamosi mama mdogo ni Msabato na hataki kusikia habari za mashine. Tukaziba madirisha ya mama mdogo kwa blanketi. Shuka nyeupe ukutani. Jenereta ya mwenye kinu cha posho ikawa inanguruma nje. Mama yake Akelo akawekwa mbele kabisa, kwenye kona, juu ya kiti chenye mikono, mbali na mashine kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mtu wa mashine ni mimi. Kati yetu wakapangwa majirani na akina mama wa kanisa. Mpango ulikuwa mzuri. Ulihitaji tu mimi nibaki kwenye mashine.

Kwa kuwa sinema ni bubu, nilijipa kazi ya kuieleza. Na mwelezaji lazima afanane na anachoeleza, kwa hiyo nilikuwa nimechukua sufuria jikoni nikaifungia pembe mbili za ng'ombe kwa kamba ya katani, iwe kofia ya vita. Akelo alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama nimekula. Nikamwambia asubiri aone.

Na kweli, ilianza vizuri. Kuna mkuu wa Waviking anayeogopa maji, na mashua yake inazunguka pale pale kwa sababu wapiga makasia wa kushoto wamenuniana na wa kulia. Kuna mchawi anayekaanga mawingu. Mimi nyuma huko naeleza kwa Kijaluo, namwigiza mkuu, namwigiza mchawi, nayaigiza mpaka mawingu. Watu wanashika mbavu. Halafu nikasikia kicheko kutoka kwenye ile kona ya mbele. Kifupi, cha kujizuia, lakini kilikuwa cha maro.

Hapo kichwa changu kikavimba, sufuria ikanibana.

Nikachukua mwiko wa ugali uwe fimbo ya kuonyeshea, nikapita katikati ya watu, nikaenda kusimama mbele kando ya shuka kama mwalimu mkuu. Mama mdogo akaniambia kwa upole nibaki huko huko nyuma, mbali na maro. Nikamjibu, nikiwa nimewageukia watu wote, shuka iko nyuma yangu:

"Akina mama, msiwe na hofu. Sasa watalala, kisha wataimba wimbo mrefu sana. Joka la baharini linakuja baadaye kabisa. Nitawaambia kabla."

(Odhiambo, habari za wimbo huo nilizipata kwako. Ulisema ni mrefu hata ulitoka ukanunua njugu, ukarudi, bado wanaimba.)

Nikageuka kuwaonyesha Waviking wakilala.

Wimbo ulikuwa umekatwa. Usingizi ulikuwa umekatwa. Kilichokuwepo ni mdomo wazi, mkubwa kama mlango wa kanisa. Meno mengine yalikuwa kwenye shuka, mengine yalikuwa kwenye shati langu.

Nilitoa sauti ambayo si ya Kiswahili wala ya Kijaluo. Nikaruka kinyumenyume. Kitu kikanigonga nyuma ya magoti, nikaketi. Mahali laini. Pana. Panapopumua. Nikadhani ni kochi, na kwa kuwa joka lilikuwa bado linakuja, nikalikumbatia kochi.

Mama mdogo ana makochi mawili. Hakuna hata moja linalovaa kitambaa cha kichwa.

Mtu akavuta blanketi la dirisha. Jua likaingia lote. Na hapo kila mtu akaona: mama yake Akelo kitini, mimi mapajani mwake, pembe zangu mbili zikielekea juu, mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine umeshika kitambaa chake. Sufuria iliniteleza ikanifunika macho. Hiyo ndiyo huruma pekee niliyoipata leo.

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniua. Mashine ilitatarika peke yake, mpaka mama mmoja wa kanisa akasema polepole, "Yawa," yaani jamani.

Nikatoka mbio. Nilisimama nyuma ya kinu, nikahesabu miezi mpaka Desemba, nikaiona pikipiki ya yule karani wa Migori ikipanda kilima cha Uriri. Baada ya muda Akelo akaja. Nilijua amekuja kuniaga.

"Mama mdogo anataka sufuria yake," akasema.

"Na mama?"

"Wako jikoni. Wanaongea." Akaangalia chini. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, nami nikadhani analia. (Hakuwa analia.)

Tukaitwa. Mama mdogo alisimama uani, dada yake akiwa nyuma ya mlango wa jikoni, hatua tano kutoka kwangu, mahali ambapo simwoni lakini kila neno nalisikia. Hawezi kusema nami, kwa hiyo alisema na mlango:

"Mwambieni huyo mtu nimezaa watoto sita na nimewapakata wote. Hakuna aliyekuwa mzito hivi."

Mama mdogo akanirudishia maneno yale yale, uso mkavu kabisa. Nikajibu kwamba nimesikia.

"Mwambieni pia kwamba mgeni hapakatwi, hupakatwa mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo wazee wake wasingoje Desemba. Waje mwezi ujao, na mbuzi wa kufuta jambo hili, kabla watu wa Uriri hawajaanza kuniuliza nilimpakata nani."

Kisha mlango ukaongeza:

"Na arudi amalize ile sinema. Nataka kujua kama lile joka lilishiba."

Tukairudia yote tangu mwanzo. Safari hii Akelo aliketi kando yangu nyuma ya mashine, amenishika pindo la shati, na joka lilipotokea alinishikilia kama mtu anayeshika ndama. Kona ya mbele ilicheka kuliko wote.

Kwa hiyo swali la mama limepata jibu. Nje hutoka nikikimbia.

Nawahitaji nyote wawili kwenye msafara wa Uriri mwezi ujao. Chacha, wewe unajua mifugo, utamshika mbuzi. Odhiambo, wewe utauimba ule wimbo wako wa Waviking. Wote. Kutoka mwanzo.