Muhuri wa Kiazi

Jumatatu, 3 Machi
Fomu ya chuo cha ualimu nimeipata! Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Mwaka wa tatu huu naomba. Nikikosa tena, Shangazi amesema nitakwenda kwa mjomba kupima misumari dukani hadi nizeeke. Sitaki misumari. Nataka chaki. Imebaki barua ya mwalimu mkuu wangu wa shule ya msingi, yenye muhuri. Hapo ndipo pagumu. Mzee yule hajasahau siku niliyogonga kengele ya kwenda nyumbani saa nne asubuhi, wakaguzi wakiwa ofisini kwake. Binamu, anayetembea na kalamu nne mfukoni kana kwamba ana mikono minne, barua yake anayo tangu Januari. Ananionyesha kila tukikutana mlangoni.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali! Barua nimeiandika mwenyewe. "Kijana mwenye nidhamu isiyo kifani." Nilipoisoma machozi yalinilenga. Muhuri nimeuchonga kwenye kiazi. Nikagonga. Herufi zikatoka kinyumenyume! Nikachonga kiazi cha pili, herufi kinyumenyume, zikatoka sawa. Cha kwanza nimekirudisha kikapuni jikoni. Mimi si mtu wa kuharibu chakula.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi alikuwa akimenya viazi, kisu kikasimama ghafla. Nikamuuliza kama amejikata. Akasema hapana, ila siku hizi hata viazi vimekwenda shule. Sikumwelewa. Baada ya chakula akavaa viatu vyake vya kutokea, akasema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Amerudi amechoka mno. Huyo mgonjwa lazima anakaa mbali.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi kajitolea kunifungia bahasha kwa gundi, eti mate hayana heshima. Mungu ambariki! Nimeifikisha saa tano. Ya Binamu ilikuwa na mkunjo pembeni. Nilifurahi kuliko inavyofaa.

Alhamisi, 13 Machi
Usaili. Mkuu wa chuo, mama mwenye miwani ya kamba, alisema barua kama yangu hajapata kuiona. Nikajinyoosha. Akaisoma kwa sauti. "Kijana huyu ni mjanja wa hasara." Hayo si maneno yangu! Nikaomba ardhi ipasuke. "Lakini akiwa darasa la tano alimfundisha mwenzake kusoma, nyuma ya stoo, kila mapumziko. Mtoto huyo alitushinda walimu watatu, nami nikiwemo. Hakumcheka hata siku moja. Mpokeeni. Kengele ificheni." Chini yake sahihi ya mzee na muhuri wa wino wa kweli. Nikalia mbele ya jopo zima. Mwenzangu yule nilikuwa nimemsahau. Mzee hakusahau.

Nimepata nafasi! Binamu pia. Nilimkumbatia hadi kalamu moja ikavunjika.

Nyumbani nimempigia Shangazi magoti. Kumbe mgonjwa ni mimi! Alitembea mwendo wa saa mbili kwenda, mbili kurudi, kunibembelezea kwa mzee. Barua yangu aliichomoa akawashia jiko, akaweka ile ya kweli. Nikamuuliza kwa nini hakunigombeza. Akasema muhuri ulikuwa mtamu, ila ulihitaji chumvi. Nampenda sana mama huyu. Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeamka na shukrani tele. Nimemwandikia mzee barua ya asante, kwa mkono wangu na jina langu. Nimeapa mbele ya Shangazi: ujanja basi! Mwalimu ni kioo cha jamii.

Chuo kinataka kitu kimoja kidogo tu, cheti cha daktari chenye muhuri. Nimekwenda zahanati. Foleni imekata kona. Nikarudi kwa njia ya sokoni, nikitafakari kosa langu. Nimeligundua! Kiazi ni laini, tena Shangazi hakawii kukimenya.

Nimenunua muhogo.