Hotuba ya Kuchimba Msingi kwa Mara ya Nne

Mheshimiwa Meya, pamoja na mkeo ambaye kofia yake inawapa kivuli watu wa safu mbili, Mheshimiwa Sherifu, Mchungaji Purvis, uliyetuombea dua fupi kuliko nilivyoagiza, vijana wa bendi, wafanyakazi mliovaa vinyago vya ndege mwari katika joto hili la Florida, mabibi na mabwana, na mamba wawili walioko mtaroni, ambao kiitifaki siwezi kuwaruka: karibuni mkae. (Viti ni kumi na viwili. Watu ni mia mbili.)

Kwa asiyenijua, kama yupo, mimi ndimi Wendell Crabtree, Mwenyekiti wa Bodi ya Maendeleo ya Bustani ya Burudani ya Jua Kuu kwa miaka thelathini na moja mfululizo, na nimemwagiza karani wetu, Bi Darlene, aandike kila neno nitakalotamka leo bila kupunguza wala kuongeza, maana historia haina subira na mimi sirudii maneno. (Bi Darlene anainua kalamu.)

Namwona pia mama yetu mpendwa, Bibi Odell Strickland, aliyekuja na mche wa mchungwa ndani ya ndoo, bila shaka zawadi kwa hoteli. (Bibi Odell: "Si zawadi, Wendell!") Asante, mama, unyenyekevu ni jambo jema. Wote mnafahamu kwamba ekari hizi arobaini zilikuwa shamba lake la machungwa, nasi mwaka 1985 tulizichukua kwa manufaa ya umma, kwa mkataba kwamba katika kila miaka kumi ardhi hii ipigwe koleo ujenzi uendelee, la sivyo irudi kwake siku hiyo hiyo. Na miaka kumi ya sasa inakwisha kesho. (Sauti: "Ndiyo maana mmekuja mbio!") Tumekuja kwa wakati, bwana, na kuwahi ni tabia ya viongozi.

Ndugu zangu, kwa muktadha wa mpango mkakati, na baada ya upembuzi yakinifu uliofanyiwa upembuzi yakinifu mwingine ili kuhakiki uyakini wake, napenda kutamka kwamba Hoteli ya Barafu tunayoizindua leo, yenye vyumba elfu moja mia nane na kumi na viwili, imekamilika kwa asilimia mia moja kwenye ramani, mia moja kwenye postikadi, na asilimia tisini kwenye ule mfano wa sukari uliokuwa ofisini kwangu, asilimia kumi ikiwa imeliwa na sisimizi. (Kicheko. Mwenyekiti anatabasamu.) Wageni wameshafika! Familia moja kutoka Ohio ilikuja na masanduku saba na mavazi ya theluji, ikatafuta mapokezi mpaka jioni, ikalala garini, na katika fomu ya maoni waliandika kwamba eneo lina utulivu mkubwa. (Makofi ya mtu mmoja, dereva wa Mwenyekiti.)

Wako wanaouliza, mbona Hoteli ya Kisima cha Kiajemi ya 1994 hatuioni? Mbona Hoteli ya Mwezini ya 2004 hatuioni? Ile ya Mapango, 2014, iko wapi? (Sauti nyingi: "Iko wapi?") Nawajibu kwa upole: mapango kwa kawaida huwa chini. (Bibi Odell: "Wewe mtoto, nilikubeba mgongoni shambani humu ukila machungwa yangu. Nina miaka themanini na minne. Nataka kupanda mti kwenye udongo wangu kabla sijafa, basi!") Mama, nakusikia, na machozi yako yameingizwa katika tathmini ya athari kwa jamii, ukurasa wa mia nne.

Sasa naelekea mwisho, na mwungwana ni shukrani. Naishukuru bendi. Nawashukuru wauza karanga za kuchemsha. Lakini shukrani za pekee ziende kwa sanduku hili la mbao mnaloliona mbele yangu, lenye mchanga mweupe wa pwani, ambalo wapinzani wetu hawaliongelei! Kwa kuwa shamba hili lina matope na sisimizi wakali, na viongozi wana viatu, niliamua mwenyewe, kwa ubunifu wangu, tangu uzinduzi wa kwanza, kwamba tuchimbe humu. Ndugu zangu, ni sanduku lile lile! Mchanga ule ule! Mara nne tunaleta kwa lori, tunachota na koleo la dhahabu, tunapigwa picha, tunaurudisha stoo, na kwa miaka yote hiyo, nasema kwa fahari, hakuna koleo lililowahi kugusa hata punje moja ya ardhi hii! (Mwanasheria wa Bodi anajifunika uso.)

(Bibi Odell, polepole: "Darlene, mwanangu, umeandika hilo?" Bi Darlene: "Neno kwa neno, bibi. Na tarehe.")

Andika, Darlene, andika! Jua Kuu! (Watu: "Juu!") Jua Kuu! (Watu, wamesimama wote: "Juu! Juu!") Makofi haya, jamani, sijawahi kupigiwa tangu niingie madarakani, mpaka Mchungaji anarusha kofia! Asanteni! Asanteni sana! Sasa namwomba Mheshimiwa Meya asogee sandukuni tu... Bibi Odell, hilo koleo ni la viongozi. Bibi, sanduku liko huku. Huko unakokwenda ni matope matupu, mama, utachafua viatu!

(Bibi Odell amekwisha vua viatu.)