Gambei Aacha Pombe

Kissa, aliyeitwa Mama Jinzi kwa biashara yake, ndiye aliyeisoma habari kwenye simu, pale kijiweni kwao, kwenye viti vya plastiki nyuma ya soko la viatu la Liuhua, Guangzhou.

"Wanasayansi wanasema pombe inaichezea noradrenalini ubongoni."

"Hiyo noradrenalini inauzwa jumla au rejareja?" aliuliza Bartholomeo. Wote walimwita Kontena, kwa umbo, wala si kwa mzigo.

Vedasto hakucheka. Huyu ndiye aliyeitwa Gambei, kwa neno la Wachina wakimaliza glasi, ambalo alikuwa amelisema na kila mwenye kiwanda aliyefanya naye biashara. Juzi aliacha pombe ghafla. Tangu asubuhi moyo ulimwenda mbio, jasho lilimtiririka, na vidole viligonga meza vyenyewe. Huku Guangzhou, kugonga meza kwa vidole ni kumshukuru aliyekumiminia chai. Mwenye kibanda cha chai walipokaa, aliyeguswa na adabu hiyo, hakuacha kumjazia kikombe.

"Mnaona wenyewe," alisema Kontena. "Miaka yote kanywa, mkono umetulia. Kaacha, anatetemeka. Sasa ugonjwa ni pombe au ni kuacha?"

"Daktari, mjibu huyu," Kissa alimwambia Shifa.

Shifa hakuwa daktari. Alikuwa akisomea ubongo chuoni, na kijiwe kilikuwa kimemhitimisha mapema.

"Kaka Vedasto, kichwani una mlinzi. Kukiwa na hatari anakuamsha, na noradrenalini ndiyo sauti yake. Pombe ya kila siku inamziba mdomo, naye anazoea kupiga kelele zaidi ili asikike. Sasa umeutoa mkono mdomoni mwake ghafla."

"Na yeye hajaambiwa?" aliuliza Vedasto.

"Hajaambiwa. Kelele ni zile zile. Ndiyo hiyo mitetemo. Lakini unaweza ukaanguka kama mwenye kifafa, kaka. Twende hospitali sasa hivi."

"Hospitali!" Kontena alichomoa kichupa ndani ya koti. "Mchana huu ana chakula na laoban, tajiri wa kiwanda. Tajiri akiona mkono unacheza, anajua huyu kabanwa, bei haishuki ng'o. Ndugu yangu, kimoja tu, mlinzi anyamaze."

"Na kesho?" aliuliza Kissa.

"Kesho kingine. Mlinzi gani hali kila siku?"

"Utamzika mtu wewe."

"Dawa ya moto ni moto. Wahenga hao."

"Hao walikuwa walevi."

Vedasto alikitazama kichupa. Bila bei nzuri leo, angerudi Bukoba kwenye duka tupu. Tena alijua kile kimoja kingefanya kazi. Hilo ndilo lililomtisha. Akachukua simu.

"Laoban, leo siji." Sauti ilimtetemeka. "Siwezi."

Tajiri alidhani anaikataa bei. Akataja nyingine, ya chini kuliko ya jana. Vedasto alitaka kujibu, lakini ulimi ulikuwa umemkauka. Akahema tu. Tajiri akashusha tena.

"Haya," alisema Vedasto, akakata simu.

Kissa, aliyeisikia bei hiyo, alijishika kichwa. Shifa hakungoja bei ijadiliwe. Alimshika Vedasto mkono, wakaelekea barabarani kutafuta teksi.

Kontena alibaki amekishika kichupa chake, akikitazama kama mtu aliyeibiwa miaka mingi bila kujua.

"Daktari!" aliita. "Mimi nikiacha leo, nitaanza kutetemeka lini?"